Mkanda wa Nne Ulitangulia

4 Februari

Kwa Fundi wa mashine za sinema, mstaafu,

Hunijui kwa sura, ila huenda unanijua kwa kazi. Mimi ndiye niliyekata na kuunga filamu ya Nyumba ya Sahani Saba, miaka thelathini na minane iliyopita. Kazini waliniita Bi Mkasi, na jina hilo limenishika mpaka leo, ingawa mkasi wenyewe macho yangu yameshaukataa.

Watu wa hifadhi ya filamu wamenitafuta. Wanataka kuisafisha filamu ile na kutengeneza nakala mpya. Itaonyeshwa tena tarehe 2 Mei, kisha itawekwa pahali pasipo joto wala unyevu, ili hata wajukuu wa wajukuu waje waiogope kama tulivyoiogopa sisi. Tatizo ni kwamba nakala ya kampuni imeoza. Ukifungua mkebe unakutana na harufu ya siki, na mkanda umegandana, haufunguki.

Yule mama aliyekuwa akikata tiketi katika ukumbi wenu ameniambia kwamba ukumbi ulipofungwa wewe uliondoka na mikebe sita juu ya mkokoteni, ukiwaambia watu wote njiani kuwa huwezi kuiacha inyeshewe.

Naomba uniambie mambo mawili. Je, mikebe ni sita kamili, na mikanda yake bado inavingirika? Na je, mkanda upi umo katika mkebe upi? Hili la pili ulijibu kwa uangalifu, tafadhali. Nitakueleza sababu nikishapata jibu lako.

Wasalimie wa nyumbani.

Bi Mkasi


15 Februari

Bi Mkasi,

Barua yako imefika na nimeisoma mwenyewe, mara tatu, bila kusomewa na mtu. Mama watoto alitaka kunisaidia nikamwambia akae na masufuria yake. Mimi shule niliionea dirishani, hilo silifichi, lakini herufi nazijua zote, zikija taratibu na zisisukumane. Mwandiko wangu usiucheke. Mkono huu umezoea vitu vizito.

Mikebe ninayo sita. Iko juu ya kabati, nimeifunika blanketi la sufu ambalo mama watoto analidai kila baridi ikiingia na halipati. Kila mwezi naishusha, naifungua, naupa hewa kila mkanda na kuuvingirisha upya kwa mkono, polepole, kama mtu anayemsuka mtoto nywele. Siki hakuna. Hao watu wa hifadhi wenye vyeti vyao waje, tujue nani amfundishe nani.

Sasa nikupe habari za siku ya kwanza maana naona hukuwepo. Wengi wanajidai walikuwepo, lakini aliyekuwa juu ni mmoja.

Ilikuwa Jumamosi, onyesho la saa kumi jioni, jua bado linachoma nje. Ukumbi ule ulikuwa na viti mia tatu na ishirini. Waliingia watu mia tano. Mwenye ukumbi alipanga mabenchi mpaka njiani, na waliokosa benchi walisimama ukutani wamebanana kama vitabu. Mimi niko chumba cha mashine na fulana peke yake, kwa sababu taa zile za kaboni zilikuwa zinachoma kama tanuri. Projekta mbili. Hii ikikaribia kumaliza mkanda, ile naiwasha, na aliyekaa chini hajui kama kuna kitu kimebadilika. Kumbi za wengine mkanda ukibadilishwa watu wanapiga miluzi. Kwangu mluzi haukusikika hata siku moja. Uliza.

Basi yule mke akafa, wakamzika, watu wakafuta machozi. Mara huyo, yuko mezani, mchana kweupe, anapanga sahani. Moja, mbili, mpaka saba. Mume anakula hamtazami. Mama mkwe hamtazami. Watoto hawamtazami. Ukumbi mzima ukashika pumzi. Kisha bwana mmoja wa safu ya katikati akasema, si kwa kelele, akasema tu, "Jamani, hawamwoni."

Basi tena. Mama mmoja aliruka mabenchi mawili na mtoto mgongoni. Askari wa zamu alivua kofia, sijui alitaka kumsalimia nani. Huyo mkata tiketi aliyenisema kwako alijifungia chooni, na mpaka kesho atakwambia alikuwa anapaka poda. Filamu haikushuka wiki saba. Mtaa wetu ule kwa miaka hukuweza kupanga sahani mezani kabla watu hawajakaa, wanakwambia unamwita nani.

Na siri ya kazi nakupa bure. Namba za kwenye mikebe mimi siziamini, watu huzikosea. Filamu ikija naihamishia kwenye magurudumu yangu ya chuma, na kila mkanda naufunga uzi wa rangi yake. Mweupe, mwekundu, wa kijani, wa njano, wa buluu, mweusi. Ndivyo nilivyofanya kazi miaka thelathini na moja, na kosa hakuna.

Kuhusu mkanda upi uko mkebe upi, imekaa kama nilivyoicheza. Jina langu liandikwe mwanzoni mwa hiyo nakala mpya, herufi kubwa. Bila mimi nyumba ile ingekuwa nyumba tu na sahani zake.

Mimi,
Fundi Mkuu wa Mashine
(nilikuwa peke yangu, lakini mkuu ni mkuu)


24 Februari

Fundi Mkuu,

Nimecheka peke yangu mpaka jirani akabisha hodi kuuliza kama niko salama. Miaka mingi sijasikia ukumbi ule ukisimuliwa hivyo. Harufu ya ile taa ya kaboni ilinijia puani, na mimi chumba chako sikuwahi kukanyaga.

Ni kweli sikuwepo. Siku ile nilikuwa kitandani na homa. Wiki tatu nilikuwa nimeikata ile filamu bila kupumzika. Ungekiona chumba changu cha kazi ungedhani ni kwa dobi. Vipande vya mkanda vilining'inia kwenye kamba, vimebanwa kwa vibanio vya nguo, na chini yake mfuko mkubwa wa kitambaa visiguse sakafu. Mwongozaji alikuwa akija na kikombe cha chai mkononi, nami namkataza kuingia nacho, basi anasimama kizingitini anakunywa huku akinielekeza kwa kidevu, "Kile pale, dada. Hapana, cha pembeni yake." Sahani zile saba zilitoka kabatini kwa mama yetu. Moja ilikuwa na pengo ukingoni, na yule mwigizaji aliyecheza mke alijua mwenyewe, bila kuambiwa, kwamba ile yenye pengo ajiwekee yeye.

Umesoma vizuri. Mwongozaji ni mdogo wangu, tumbo moja. Na hapa ndipo penye sababu ya swali langu.

Filamu niliyoiunga mimi siyo uliyoisimulia. Katika filamu yangu yule mke pale mezani yuko hai. Mwisho wa mkanda wa pili mumewe anamshutumu kwa jambo ambalo hakulifanya, na nyumba nzima inamnunia. Mkanda wa tatu ni dakika kumi na nne za mtu aliye hai asiyejibiwa. Anapanga sahani. Anauliza kama chai imepoa. Anamwita mwanawe. Mwishoni anapanda ngazi kwenda kulala na homa yake. Kifo kiko mkanda wa nne. Kuanzia wa tano, kila asubuhi sahani ya saba iko mezani na hakuna aliyeiweka. Mzimu wangu hauonekani hata mara moja. Nilitaka mtu akitetemeka atetemeke kwa kukumbuka alimnyima nani neno.

Mtu aligeuza. Ukaonyeshwa wa nne, kisha wa tatu. Jumatatu yake nikasoma gazetini mdogo wangu akisema aliamua mwenyewe, dakika za mwisho. Kampuni ikaamuru iwe hivyo kila mahali. Naye alikuwa amekula kiapo mbele yangu kwamba hatagusa kiungo hata kimoja bila kuniuliza.

Jioni hiyo alikuja kwangu akagonga. Nilikuwa nyuma ya mlango na gazeti mkononi. Sikufungua. Aliniandikia barua mbili, nikazirudisha bila kuzifungua. Sikusema naye tena miaka thelathini na saba, mpaka mwaka jana alipofariki.

Sasa mjane wake ananiambia kuna kitu hakikai sawa. Anasema mumewe hakuwahi kuusifia mpangilio ule hata nyumbani, akitajiwa alinyamaza. Ndipo nikakukumbuka wewe. Fundi, nani alikwambia ucheze wa nne kabla ya wa tatu? Nikilijua hilo nitajua kama kimya changu kilikuwa haki yake, au nilimwonea ndugu yangu.

Bi Mkasi


21 Machi

Bi Mkasi,

Usione kimya. Kwanza lilikuwa goti, kisha mvua, kisha penseli ilipotea.

Pole kwa msiba wa mdogo wako. Sikujua kama mlikuwa hamsemeshani. Habari za ndugu hazifiki kule juu kwenye mashine.

Wale wa hifadhi wamekuja na gari, wawili, wamevaa glavu nyeupe. Wameibeba mikebe kama watoto wachanga. Mmoja aliuliza nilitumia dawa gani mikanda isioze, nikamwambia nilitumia akili. Kabati limebaki kama kinywa cha mzee. Mama watoto amepata blanketi lake na hata hakushukuru.

Sasa hilo uliloniuliza. Ni mambo ya kale, na aliyekufa kafa. Ila kwa kuwa umeuliza nakujibu mara moja na usiniulize tena. Ndugu yako alipanda juu kabla ya onyesho akasema geuza. Mimi fundi. Mwongozaji akisema geuza, nageuza. Kosa kwangu hakuna.

Kuhusu jina langu, si lazima liwe kwa herufi kubwa. Hata wasipoliandika.

Fundi Mashine


29 Machi

Fundi,

Ahsante. Barua yako nimeisoma mara moja ikatosha.

Kwa hiyo nilikuwa sahihi. Ukifika umri wangu kuna jambo unaliogopa kuliko kaburi, nalo ni kwamba ulimwadhibu mtu bure na huna tena pa kumfuata. Umeniondolea hofu hiyo. Nilidhani nikiondolewa nitapata usingizi, lakini huenda usingizi nao unataka muda.

Hifadhi wameniomba niandike maneno machache yatakayoonekana kabla ya filamu kuanza. Nimeandika hivi: "Filamu hii inarudishwa katika mpangilio wa aliyeiunga, mpangilio uliovunjwa kwa siri na mwongozaji wake siku ya kwanza." Yatakwenda kuchapwa tarehe 20 Aprili, na yakishachapwa yatakaa na filamu ile siku zote.

Mjane wake alikuwa ameniomba tukae pamoja safu ya mbele siku hiyo. Nimemjibu kwamba nitakaa nyuma. Binti yake mdogo akanipigia simu. Sikuwahi kusikia sauti yake kabla ya juzi. Akaniita shangazi, akaniuliza kwa adabu kama maneno hayo ni lazima, maana baba yao hayupo kujitetea. Nimemwambia shahidi yupo. Nimemwambia ni mtu wa kazi, miaka thelathini na moja bila kosa.

Wako,
Bi Mkasi


10 Aprili

Bi Mkasi,

Mama watoto hanisemeshi. Leo siku ya sita.

Alikuwa anafuta vumbi akaikuta barua yako ya mwisho chini ya redio. Yeye anasoma haraka, ni mambo ya kwao. Akauliza, "Ulimwambia nini huyu mama?" Nikasema, "Mambo ya kazi." Akakaa na karatasi mkononi. Akasema, "Hii si ndiyo Jumamosi ya uzi wa kijani?" Nikamwambia asiingilie. Akairudisha barua chini ya redio, akainyoosha na pembe zake, akaenda zake.

Tangu hapo ananiwekea sahani, anaifunika, anaondoka. Nauliza miwani yangu iko wapi, kimya. Nakohoa, kimya. Nimesimulia kile kisa cha askari kuvua kofia, ambacho kila mtu anakicheka, kimesikiwa na ukuta. Nimesema goti linauma, na goti halikuwa linauma, kimya. Siku ya tatu nilijishika mkono nijue kama nimo.

Hapo nikamkumbuka yule mke wako. Bi Mkasi, filamu ile nimeicheza zaidi ya mara mia moja, na yule mwanamke sikuwahi kumwona. Nilikuwa naona mzimu unaojaza ukumbi. Nimemwona juzi, hapa mezani kwangu, na sahani yenyewe ni moja.

Sasa nisikilize. Ndugu yako hakupanda kabla ya onyesho. Hakusema geuza. Nilikudanganya.

Ijumaa yake nilikuwa nahamisha mikanda kwenye magurudumu. Nimefunga mweupe, nimefunga mwekundu, nikanyoosha mkono kwenye kijani, hakuna. Mama watoto alikuwa ameumaliza kwenye pindo la gauni la binti yetu. Duka liko hatua chache. Ningekwenda. Sikwenda, nikafunga njano kwenye wa tatu na njano kwenye wa nne, nikajiambia wa kushoto ni wa tatu, wa kulia wa nne, kichwa changu hakisahau. Na hakikusahau. Ila Jumamosi mwenye ukumbi alimpandisha mgeni wake aione mashine, akasogeza magurudumu ili apate pa kumweka kiti. Waliposhuka, kushoto na kulia havikuwepo tena. Mikebe ilikuwa mitupu imerundikwa kona, hata ukiiuliza haina la kukwambia.

Nikainua mwanzo wa kila mkanda kwenye mwanga. Huu, mwanamke kalala kafunikwa shuka. Huu, mwanamke yule yule anapanga sahani. Nikafikiri kama mtu mzima. Filamu ni ya nyumba yenye mzimu. Mzimu ni mtu aliyekufa. Akipanga sahani kwanza, huyo ni mke wa mtu anapanga sahani, nani atalipa kiingilio kumwona? Akifa kwanza ndipo apange, hapo ndipo penye mzimu. Nikajiona nimeshinda. Ndugu yako alikuwa amesimama chini ya ngazi, ngazi kumi na mbili, namwona kisogo. Nilikuwa na nafasi ya kumwita. Fundi haulizi. Ndivyo nilivyokuwa nikisema siku zote, fundi haulizi.

Alipanda wakati mkanda wako wa tatu unakaribia kwisha, umeshageuzwa. Nikamwambia nimecheza kama ilivyokuja kwenye mikebe. Yaani nilikutupia wewe. Akaamini. Akadhani umekosea kwa uchovu, ukaitia mikanda kwenye mikebe isiyo yake. Akasema atawaambia watu kwamba ni yeye aliyeamua, wenye kampuni wasije wakakufukuza. Yale ya gazetini alikuwa anakufunika wewe. Kiapo hakukivunja. Hakujua ukweli mpaka amekufa, kwa sababu mwenye ukweli ni mimi na mimi nilikaa kimya. Watu walikuwa wanajaa, wiki saba, mwenye ukumbi akaniwekea feni juu kule. Nikajiambia kosa gani hili lenye feni.

Yale maneno usiyapeleke kuchapwa. Kama ni lazima yawepo maneno, andika kwamba fundi wa mashine aligeuza kwa kukosa uzi na kwa kiburi, na weka jina langu, sasa ndiyo liwe kwa herufi kubwa. Mkitaka nije nisimame mbele ya watu niseme kwa mdomo wangu, nitakuja. Kofia ninayo.

Barua hii nimempa mama watoto aisome kabla sijaifunga. Amesahihisha mahali pawili. Hajasema kitu bado, lakini leo amekaa mezani.

Fundi


15 Aprili

Fundi,

Yale maneno nimeyaondoa. Nimeongea na mjane kwa simu, kisha na yule binti. Mikanda itachezwa wa tatu kisha wa nne, na mwanzoni yatakuwepo majina tu, la mdogo wangu la kwanza.

Kuhusu uzi sina neno. Hata mimi niliwahi kuunga mtu anaingia nyumbani kabla hajafika. Kuhusu uliyoniandikia mwezi wa tatu sijui bado, usinihimize. Ulinipa kile nilichotaka kusikia, nami nilikipokea haraka sana. Mjane alinionya na sikumsikiliza. Na mlango ule niliufunga mwenyewe, wewe hata nyumba yangu huijui.

Nilikaa na barua yako siku tatu. Siku ya kwanza nilitaka kukuandikia maneno ambayo mama watoto wako asingekubali kuyasoma. Leo nataka kitu kimoja.

Wewe ndiye mtu pekee aliye hai aliyemsikia siku ile. Umeniandikia kwa kifupi. Niandikie kama alivyosema, neno kwa neno, alivyokaa na alivyosimama. Usitie chumvi, na usinisimulie habari za mashine.

Bi Mkasi


19 Aprili

Bi Mkasi,

Aliingia bila kubisha. Alikuwa na shati jeupe, limelowa mgongoni.

Akasema, "Fundi, wa nne umetangulia."

Nikasema, "Nimecheza kama ilivyokuja."

Akasema, "Kwenye mikebe?"

Nikasema, "Kwenye mikebe."

Palikuwa na ndoo ya mchanga ya kuzimia moto. Akakaa juu yake. Nikabadilisha mkanda. Kisha akasimama akachungulia kwenye kidirisha. Alikuwa anawatazama watu, picha hakuitazama.

Akasema, "Ni mimi niliyemkimbiza. Wiki tatu hajapumzika. Mtu yeyote angekosea."

Kisha akasema, "Wenye kampuni wakijua watamtoa kazini. Usimwambie mtu. Nitasema niliamua mwenyewe."

Nikamuuliza, "Na yeye je, akisikia?"

Alikuwa ameshashika mlango. Akacheka kidogo.

Akasema, "Atanifokea kama wiki moja hivi. Namjua dada yangu."

Akashuka.

Fundi